Vihisio vya CO2 kwenye mapafu ya kuku: kwa nini vinanyamaza gesi ikizidi?

KukuWaKivu (Goma)

Jambo wandugu. Swali langu ni kwa waganga wa mifugo na wote waliosoma mwili wa ndege.

Inasemwa ndani ya mapafu ya kuku kuna vihisio vya kaboni dioksidi (CO2), na kwamba ndivyo vinavyopanga pumzi zake moja baada ya nyingine. Hapo nimefuata. Kinachonichanganya ni kwamba vihisio hivyo vinapeleka ishara nyingi CO2 ikiwa kidogo, na vinanyamaza CO2 ikiwa nyingi. Mlinzi gani anapiga kelele mwizi akiwa mbali, halafu ananyamaza mwizi akiingia ndani?

Nauliza kwa sababu jambo hili linagusa mambo mawili ya hapa kwetu. Moja ni vifaranga wanaopashwa joto kwa mbabula ya makala (jiko la makaa), banda likiwa limefungwa shitingi pande zote kwa sababu ya baridi ya usiku. La pili ni mazuku, ile CO2 inayotoka ardhini na kujaa mashimoni. Wengi wanaamini kuku atasikia gesi mapema na kuhangaika, basi wanamtegemea kama kipimo. Mwili wake unaiweza kazi hiyo? Na banda la mita 4 kwa 5, kimo mita 2.5, vifaranga 300, linahitaji hewa kiasi gani kama makala yanawaka ndani?

Pumzi_na_Damu (Bukavu)

Ndugu, umeuliza vizuri, na neno linalokupoteza ni "mlinzi". Vihisio hivi havikuwekwa kutoa tahadhari ya hatari. Kazi yake ni kumwambia ubongo: "pumzi hii imetosha, acha kuvuta."

Tuanze na mapafu yenyewe. Mapafu ya kuku ni madogo, magumu, yamebanwa kati ya mbavu, na hayapanuki kama ya mbuzi au ya mtu. Kuku hana kiwambo kati ya kifua na tumbo. Anayevuta hewa ni mfupa wa kifua ukishuka pamoja na mbavu, na kinachopanuka ni mifuko ya hewa, ambayo kwa ndege wengi ni tisa. Hewa safi huenda kwanza kwenye mifuko ya nyuma, kisha hupita ndani ya mirija midogo ya mapafu (parabronki) ikielekea mbele, ikaingia mifuko ya mbele, ndipo ikatoka. Hewa iliyoingia kwa pumzi moja inahitaji pumzi mbili kamili kumaliza safari hiyo, na kwenye parabronki nyingi inapita kwa upande mmoja tu, ndege akivuta au akitoa.

Sasa angalia shida ambayo mwili ulipaswa kuitatua. Mtu ana vihisio vya mvuto: mapafu yakijaa, yananyooka, ubongo unajua. Pafu la kuku halinyooki, kwa hiyo kihisio cha mvuto humo kingekuwa kama mlinzi wa mlango usiofunguliwa. Kinachobadilika ndani ya pafu hilo kwa kila pumzi ni CO2. Ndege anapoanza kuvuta, kwanza hurudi ndani ile hewa chafu iliyobaki kwenye koromeo, halafu inafuata hewa ya nje ambayo CO2 yake ni kama asilimia 0.04 tu. CO2 mapafuni inashuka. Vihisio vinaona mshuko huo, vinapiga mapigo ya haraka haraka, ishara inapanda kwa neva za vagusi hadi shina la ubongo, na ubongo unakata uvutaji. Ndege anatoa hewa, CO2 mapafuni inapanda tena, vihisio vinatulia, kizuizi kinaondoka, pumzi mpya inaanza. Yote hayo ndani ya sekunde mbili au tatu.

Hapo ndipo ukimya unapata maana. Kuku akikimbia, misuli inatoa CO2 nyingi, damu inaileta mapafuni, hewa ya mapafu inachelewa kuwa safi. Vihisio vinapiga kidogo, uvutaji haukatwi mapema, pumzi inakuwa ndefu na ya kina, CO2 inatolewa zaidi. Ukimya wa kihisio ndio amri ya kuvuta zaidi.

Peterson na Fedde walivieleza vihisio hivi kwa kuku mwaka 1968. Vilevile vimeonekana kwa baadhi ya mijusi na kwa jamii ya mamba, lakini mtu na mbuzi hawana kitu cha aina hii. Ndani ya kihisio, CO2 inaungana na maji kwa msaada wa kimeng'enya kiitwacho kaboniki anhidrasi, asidi inapanda, na asidi hiyo ndiyo inayotuliza mapigo. Ukimpa ndege asetazolamidi, dawa inayozuia kimeng'enya hicho, kihisio kinapoteza wepesi wake wa kufuata CO2.

Jambo moja zaidi, na hili lishike sana: vihisio hivi havijali oksijeni hata kidogo. Oksijeni ikipungua mapafuni huku CO2 ikibaki ilivyo, vyenyewe havisemi chochote.

Munganga_wa_Ndege (Lubumbashi)

Maelezo ya Pumzi_na_Damu ni sahihi. Naongeza kwamba kuku ana tabaka tatu za kupima, na kuzichanganya ndiko kunakoleta makosa bandani.

Tabaka la kwanza ni hilo la mapafuni, la haraka kuliko yote. La pili ni vijifundo vidogo kwenye mishipa ya karotidi (inayopeleka damu kichwani), ambavyo kwa ndege viko chini penye mlango wa kifua, si juu shingoni kama kwa mtu. Hivyo vinapima oksijeni, CO2 na asidi ya damu inayotoka moyoni. La tatu liko ndani ya ubongo wenyewe, linasikia CO2 na asidi, polepole kidogo lakini kwa nguvu. Ukikata neva zote mbili za vagusi za kuku, hafi papo hapo, ila pumzi zake zinakuwa chache na za kina sana: breki ya pumzi kwa pumzi imeondoka, zile tabaka nyingine zinaendelea.

Ushahidi mzuri kuliko wote unaonekana kwenye upasuaji. Ndege aliyezibwa koo anaweza kuwekewa mrija kwenye mfuko wa hewa wa nyuma, ukapitisha gesi mfululizo ndani ya mapafu na kuitoa upande wa pili. Ukipitisha oksijeni tupu kwa kasi kubwa, ndege anaacha kupumua. Msaidizi anaogopa, anadhani amekufa, anaongeza kasi ya gesi, na ndege anazidi kutulia. Moyo wake unapiga vizuri. Kilichotokea ni kwamba CO2 imefagiliwa mapafuni, vihisio vinapiga bila kupumzika, na ubongo unaambiwa "imetosha, imetosha". Punguza kasi ya gesi, acha CO2 ipande kidogo, pumzi inarudi.

Kwa wanaotibu kasuku wa kijivu: CO2 ya mwisho wa pumzi inayosomwa na mashine inaweza kuwa juu kuliko ya damu ya ateri. Kwa mtu mwenye afya aliyetulia hilo si kawaida, kwa ndege ni kawaida, kwa sababu damu na hewa vinapishana kwa kukatana ndani ya parabronki. Akiwa amelazwa kwa isofluraini (gesi ya usingizi), usomaji wa kati ya milimita 30 na 45 za zebaki unaonyesha anapumua vya kutosha. Na dawa za usingizi zenyewe hudhoofisha udhibiti wa pumzi, kwa hiyo usimwachie ndege aliyelala ajipumulie mwenyewe muda mrefu. Msaidie.

Wafugaji nao wana funzo hapo: unapomshika kuku kwa chanjo, usimbane kifua. Mfupa wa kifua usiposhuka hakuna hewa inayoingia, na hakuna kihisio kitakachomwokoa. Kifaranga aliyebanwa mkononi anakufa kimya ndani ya muda mfupi sana.

KukuWaKivu (Goma)

Aksanti sana nyote wawili. Kumbe ni breki, siyo kengele. Sasa basi, kifaranga aliye karibu na mbabula usiku, CO2 ikipanda polepole, ataonyesha nini? Na kuna tofauti gani na kuku anayehema kwa joto?

Munganga_wa_Ndege (Lubumbashi)

Tofauti ipo, na ukijua mpango wa vihisio unaweza kuibashiri bila kuambiwa.

Kuku wa joto anahema kwa kasi, kwa juu juu, mdomo wazi, mabawa ameyaachanisha na mwili. Kuku jike mzima aliyetulia anapumua kama mara 20 hadi 35 kwa dakika. Akihema kwa joto anapita 100. Hewa nyingi anayoisogeza inaishia kwenye koromeo, ambalo kwa ndege lina ujazo wa karibu mara 4.5 ya lile la mnyama anyonyeshaye wa ukubwa uleule. Anapooza mwili kwa mvuke bila kufagia CO2 yote. Lakini joto likizidi, kama hapa Lubumbashi mwezi wa kumi kabla ya mvua, hata mpango huo unashindwa: CO2 ya damu inashuka, damu inakosa asidi yake ya kawaida, na ganda la yai, ambalo karibu lote ni kalsiamu kabonati, linakuwa jembamba. Ukiona mayai yanapasuka wakati wa joto, usikimbilie kulaumu chakula peke yake.

Kuku wa CO2 anafanya kinyume. Pumzi zinakuwa za kina kuliko kuwa za kasi. Ananyoosha shingo, anatikisa kichwa, anafungua mdomo kwa kila pumzi kama anayetafuta hewa juu. Gesi ikizidi zaidi anasinzia, kwa sababu CO2 nyingi inalewesha ubongo wenyewe. Kwenye machinjio ya Ulaya gesi hiyo hutumika kumlaza kuku kabla ya kuchinja.

Kwa kifaranga mdogo kuna mtego. Siku chache tu zilizopita alikuwa ndani ya yai, na karibu na kuanguliwa chumba cha hewa cha yai kina CO2 ya asilimia 5 hivi. Ametoka humo amezoea. Kwa hiyo kifaranga wa siku mbili anaweza kuvumilia hewa ambayo kuku mkubwa angeikataa wazi, naye hataonyesha dalili kubwa. Atakula kidogo, atasinzia, atakua vibaya, na wewe utadhani ni baridi, utaongeza makala.

Pumzi_na_Damu (Bukavu)

Nataka kuweka mkazo kwenye gesi nyingine ambayo haijatajwa: kaboni monoksidi, CO. Hiyo ndiyo inayoua zaidi penye mbabula, na hakuna tabaka hata moja kati ya zile tatu linaloiona.

CO haipandishi CO2, kwa hiyo vihisio vya mapafuni havina habari. Inakalia nafasi ya oksijeni kwenye chembe nyekundu, lakini oksijeni iliyoyeyuka kwenye maji ya damu inabaki karibu kama kawaida, na hiyo ndiyo inayopimwa na vijifundo vya karotidi. Matokeo yake ndege hahemi, hanyooshi shingo. Analala tu. Ukipasua mzoga, damu ni nyekundu ya kung'aa. Wachimbaji wa makaa ya mawe Uingereza walishuka na ndege aina ya kanari hadi mwaka 1986, na kanari aliwafaa kwa sababu alianguka kabla yao. Mapafu yake yanachukua gesi kwa bidii, mwili wake mdogo unatumia hewa nyingi. Kanari alikuwa kipimo kwa kuanguka. Anayelala akitegemea kuku wamwamshe, kuku watakuwa wamekwisha kuanguka bila sauti.

Kosa linalotengeneza CO nyingi ni lile la jioni: makala mapya yanamwagwa juu ya moto, yanafunikwa majivu ili yadumu hadi asubuhi. Moto uliokosa hewa hautoi CO2 safi, unatoa CO. Washa nje, subiri makala yote yawe mekundu na moshi uishe, ndipo uingize. Hiyo inapunguza hatari, haiiondoi.

Fundi_Banda (Goma)

Najibu swali la hewa kiasi gani, kwa hesabu.

Goma iko kama mita 1,500 juu ya bahari, kanieneo ya hewa ni kilopaskali 85 hivi. Makala ya kawaida yana kaboni ya karibu asilimia 75. Kilo moja ya makala ikiungua vizuri inatoa kilo 2.75 za CO2, ambazo kwa joto la digrii 25 hapa kwetu zinajaza mita za ujazo 1.8. Banda lako ni mita za ujazo 50. Ukilifunga kabisa, kilo moja tu inakupeleka asilimia 3.6.

Kiwango cha juu ambacho sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2007 inakiruhusu kwa kuku wa nyama waliobanana ni CO2 ya sehemu 3,000 kwa milioni, yaani asilimia 0.3, ikipimwa kwenye kimo cha kichwa cha kuku. Kwa banda lililofungwa, ukijumlisha asilimia 0.04 iliyomo hewani tayari, kiwango hicho unakifikia kwa gramu 70 za makala. Konzi moja.

Tuseme mbabula inakula gramu 250 kwa saa. Ili ubaki chini ya 3,000 unahitaji hewa mpya ya mita za ujazo 175 kwa saa, yaani hewa yote ya banda ibadilike mara tatu na nusu kila saa. Kama upepo unapita kwenye tundu kwa mwendo mdogo wa sentimita 20 kwa sekunde, tundu za kuingizia ziwe jumla ya robo mita ya mraba, na za kutolea vilevile. Pumzi za vifaranga 300 wa juma la kwanza ni nyongeza ndogo juu ya hapo. Wakifika majuma manne hesabu inabadilika.

Tundu za kutolea ziwe juu, chini ya manjanja (mabati ya paa), kwa sababu hewa ya moto inapanda. Za kuingizia ziwe chini, na ubao mbele yake ili baridi isiwapige vifaranga moja kwa moja. Shitingi isifike juu kabisa: acha sentimita 20 hadi 30 wazi pande mbili zinazotazamana.

Lakini dawa yenyewe ni kuutoa moto ndani. Pipa la lita 200 lililolazwa, mlango wa kutilia makala ukitokea nje ya ukuta, bomba la moshi likipita juu ya paa. Joto linabaki ndani, gesi zote mbili zinatoka. Viungo vya bomba vizibwe kwa udongo na vikaguliwe kila kundi jipya la vifaranga linapoingia, maana bati linatoboka kwa kutu kwenye kona kwanza.

Pumzi_na_Damu (Bukavu)

Fundi, hesabu ni nzuri, ila hapo kwenye tundu za chini lazima tutenganishe. Ni sawa kwa banda lenye moto kwenye ardhi salama. Kwa parseli za upande wa Lac Vert, Bulengo, au kuelekea Sake, ambako mazuku yanajulikana, tundu la chini ni mlango wa gesi.

CO2 ya mbabula ni ya moto, inapanda na kuchanganyika. CO2 ya mazuku inatoka ardhini ikiwa ya baridi, nzito kuliko hewa mara moja na nusu, inatambaa na kujaa kwenye mashimo kama maji. Usiku na alfajiri, upepo ukiwa umetulia, inafika kimo chake cha juu. Jua likipanda na upepo ukivuma inatawanyika. Kwenye mazuku yaliyopimwa karibu na Goma, CO2 inakuwa makumi ya asilimia. Hapo vihisio vya kuku vimenyamaza vyote, ubongo unamwamuru avute kwa nguvu zote, na kila pumzi ya kina inamwingizia gesi zaidi. Mwili wake umepangwa kuiondoa CO2 inayotoka ndani yake mwenyewe. Ikitoka nje, dawa ileile ya kuvuta sana ndiyo inayommaliza. Kichwa cha kuku kiko sentimita 30 kutoka ardhini, cha kifaranga sentimita 10, basi wanakufa wakati mtu aliyesimama bado anapumua. Akiinama kuwaokota, naye anaanguka. Hili limekwisha kuua watu.

Kwa hiyo penye mazuku usijenge kabisa, hata kwa sakafu ya juu. Penye shaka, peleka banda kwenye mwinuko, mwaga sakafu ya saruji isiyo na nyufa juu ya mawe ya volkano, inua tundu za kuingizia hewa zaidi ya mita moja, na usichimbe shimo la taka kando ya ukuta.

KukuWaKivu (Goma)

Fundi na Munganga, aksanti. Mshumaa unaoshushwa chini kupima unatosha? Au ninunue kipimo cha umeme?

Fundi_Banda (Goma)

Mshumaa unazimika CO2 ikiwa imekwisha kupita asilimia 10 hivi. Banda la vifaranga limeharibika tangu asilimia 0.3. Mshumaa unaowaka haukuambii chochote kuhusu afya ya kuku, na kuhusu CO hauna habari kabisa. Ukizimika, toka hapo bila kuinama.

Kipimo cha umeme cha mwanga wa infraredi kinafaa, ila vitu viwili vinakidanganya. Kwanza mwinuko: vingi vimepangwa kwa usawa wa bahari, na kwa kanieneo yetu vinasoma pungufu kwa karibu asilimia 15. Ingiza mita 1,500 kwenye mipangilio, au kama hakina sehemu hiyo, gawanya kila usomaji kwa 0.85. Kikikuonyesha 2,600, ujue umekwisha kufika 3,000. Pili, vingi vinajirekebisha vyenyewe kwa kudhani kwamba ndani ya juma moja vitakutana na hewa ya nje ya 400 au zaidi kidogo. Ukikiacha bandani mfululizo, kinachukua hewa chafu ya banda kuwa ndiyo 400, na baada ya majuma machache kinakuambia hewa ni nzuri wakati si nzuri. Zima huko kujirekebisha, au kitoe nje kwenye upepo nusu saa mara mbili kwa juma. Kitundike kwenye kimo cha kichwa cha kifaranga, mbali na mbabula na mbali na tundu la hewa. Cha CO ununue kando, kwa sababu cha CO2 hakiioni.